AC ya maji saluni: kiangazi cha Tabora inalipa, masika ni feni ya bei mbaya

Wanaopita Isevya, hapa Tabora mjini, wanauliza kuhusu lile dude jeupe lililosimama kati ya kiti cha kwanza na cha pili kwenye saluni yangu. Dada yangu naye, anayesuka nywele Mwanga kule Kigoma, hakati simu bila kuulizia kama namtumia la kwake kwa treni. Basi naandika mara moja, kila anayetaka asome.

Kwenye boksi wamechora theluji na dubu mweupe, na muuzaji aliliita AC ya maji. Kiyoyozi halisi, kile cha ukutani, kina kompresa na gesi, kinavuta joto la chumbani na kulimwaga nje. Hili halina gesi wala kompresa. Lina feni, lina pampu ndogo ya maji, na lina pedi nene ya karatasi ngumu yenye matundu matundu. Pampu inapandisha maji kutoka kwenye tanki na kuilowesha pedi, feni inavuta hewa ya chumbani na kuipitisha humo, maji yanageuka mvuke. Ili yageuke mvuke lazima yapate joto pahali, na yanalichukua kwenye hewa hiyohiyo inayopita. Hewa inatoka upande wa pili imepoa, lakini imebeba unyevu. Bibi alikuwa na mtungi kwenye kona ya nyumba, nje umelowa kidogo, ndani maji baridi, na umeme kijijini haukuwepo. Kanuni ni hiyohiyo.

Nililipa shilingi 260,000 baada ya kuvutana. Tanki la lita 12, na kwa kasi ya juu linakula wati 80. Ukiliwasha saa kumi mfululizo haifiki uniti moja ya LUKU, wakati kiyoyozi kidogo cha ukutani kikiwa kinavuta kinachezea wati 1,000. Kwa upande wa umeme sina neno baya.

Sasa, utaona kwenye tathmini hii nazungumzia sana ngozi. Mimi ni kinyozi, nashinda nimeinamia visogo na masikio ya watu kuanzia asubuhi, na dude hili huwezi kulipima vizuri kama hujui ngozi ya mteja inafanya nini pale kwenye kiti. Maana kazi ya kumpoza mtu inafanywa na ngozi yake. Mashine inasaidia au inaharibu.

Anza na hili: mtu aliyekaa tu, hafanyi chochote, mwili wake unatoa joto la karibu wati 100. Jumamosi nikiwa na wawili kwenye viti na wanne kwenye benchi wanasubiri, hiyo ni wati 600 za binadamu watupu, sijahesabu runinga na mimi mwenyewe ninayezunguka. Joto hilo lazima litoke, kwa sababu ndani mwili unataka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi, na ukipanda nyuzi tatu au nne tu juu ya hapo mambo yanakuwa mabaya. Mlango wa kutokea ni ngozi. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, inapokea habari kutoka kwenye ngozi na kutoka kwenye damu yenyewe, kisha inatoa amri. Ikiona joto limezidi, mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi inapanuka na damu ya moto inaletwa juu. Mtu akiwa ametulia kwenye hewa ya kawaida, damu inayopita kwenye ngozi haifiki nusu lita kwa dakika. Kwenye joto kali inaweza kufika lita sita na zaidi.

Weupe wanageuka wekundu. Sisi haionekani, lakini kinyozi anaisikia vidoleni. Ninapokunja sikio la mteja kuchonga nyuma yake, asubuhi ya mwezi wa saba sikio ni baridi kabisa, damu imerudishwa ndani. Mchana wa mwezi wa kumi sikio hilohilo la moto. Masikio, pua, viganja na nyayo vina njia za mkato za damu zinazofunguka na kufunga haraka, ndiyo maana mabadiliko unayapata huko kwanza.

Lakini kuleta damu juu kunasaidia tu kama hewa ya nje ni baridi kuliko ngozi. Ngozi kwa juu huwa nyuzi 33 mpaka 35 hivi. Nina saa ya mezani inayoonyesha joto na unyevu, nimeiweka juu ya kioo, na mwishoni mwa kiangazi bati likishapata moto inasoma 33, siku nyingine inapita 34. Hapo tofauti imekwisha, joto halitoki tena lenyewe. Feni ya kawaida inakupepea hewa yenye joto sawa na lako. Inayobaki ni njia moja, jasho, na jasho likiwa halijakauka ni maji tu.

Tezi za jasho mwilini ni kama milioni mbili mpaka nne, na paji la uso ni kati ya sehemu zenye nyingi. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke yote juu ya ngozi inaondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Kwa mtu wa wati 100 hiyo ni zaidi ya saa sita za joto lake lote. Neno la kushika ni "ikigeuka mvuke". Ile inayochuruzika nyuma ya sikio ikaingia kwenye kola haijakupoza.

Basi turudi kwenye dude. Septemba na Oktoba Tabora ni kavu, midomo inapasuka, majani ya miembe yana vumbi, na saa yangu mchana inasoma unyevu asilimia 25, mara nyingine chini yake. Chumba kikiwa nyuzi 33, niliweka saa mbele ya mdomo wa mashine nikaiacha itulie: nyuzi 25. Nyuzi nane pungufu, bila gesi, bila barafu. Wateja wanaketi wanashusha pumzi. Tanki linakwisha kabla ya saa tisa alasiri, naongeza maji, na hiyo ni dalili nzuri kwa sababu maji yanayopungua ndiyo yaliyofanya kazi. Hewa yenyewe, hata ikishapata unyevu kidogo, bado ni kavu vya kutosha kukausha jasho la mteja. Kwa hiyo ngozi inapata faida mara mbili: hewa baridi, na jasho linalokauka. Kipindi hicho nasema bila kusita, shilingi 260,000 zimerudi. Watu wa Gongoni na Kanyenye wanapita saluni nyingine wanakuja kwangu, na wanaendelea kukaa hata baada ya kunyolewa, jambo ambalo ni tatizo jingine.

Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja kwenda mbele, ni hadithi tofauti. Januari chumba kinasoma nyuzi 28, na unyevu 75. Mbele ya mashine: 26. Nyuzi mbili tu! Na ukiiacha ikiendelea, unyevu wa chumba unapanda kuelekea 90, taulo hazikauki, makabrasha ya bei ukutani yanajikunja. Tanki ulilojaza asubuhi jioni bado lina zaidi ya nusu. Hewa imeshashiba maji, haiwezi kubeba mengine, ya kwenye pedi wala ya kwenye shingo ya mteja. Pedi imelowa na mtu amelowa, na wote wawili hawapoi. Ndiyo maana watu wanalalamika kwamba nyuzi 28 za masika zinachosha kuliko 32 za kiangazi, na wana haki.

Masika mimi nazima pampu na kutumia feni peke yake. Hapo ni feni ya wastani yenye bei mara nne ya feni ya wastani.

Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa baiolojia, na ndiye aliyenipa kisa cha daktari Charles Blagden wa London. Mwaka 1774 huyu bwana na wenzake waliingia kwenye chumba kilichopashwa moto kupita kiwango cha maji kuchemka, mara moja kilifika karibu nyuzi 127. Waliingia na mayai na nyama. Mayai yaliiva, nyama ikaiva, wao wakatoka wazima baada ya dakika chache. Hewa ilikuwa kavu, jasho lilikauka papo hapo. Nilimwambia mwalimu anapiga fiksi mpaka aliponionyesha. Kilichonivutia zaidi ni kwamba waliweka pia vyombo viwili vya maji humo ndani, kimoja wakakitia mafuta kidogo juu. Chenye mafuta kilichemka. Kisicho na mafuta hakikuchemka, kwa sababu maji yake yalikuwa yanaondoka kama mvuke na kujipoza. Tangu siku hiyo, mama akileta mtoto mwenye harara shingoni amepakwa mafuta ya mgando mazito kwenye joto la Oktoba, namwambia ampunguzie. Harara ni jasho lililozibiwa njia. Mtoto anahitaji ngozi iliyo wazi, nguo ya pamba na upepo kidogo.

Na hapo ndipo nilipokishika kile kitambaa cha nailoni tunachowafunika wateja. Kila saluni inacho, nywele hazinati, unakikung'uta imekwisha. Lakini ukimfunga mtu kitambaa hicho shingoni mchana wa joto umeuziba mwili wote isipokuwa kichwa. Chini yake hewa inashiba unyevu kwa dakika chache, jasho linaendelea kutoka na halina pa kwenda. Unakifungua, shati limeganda mgongoni. Dude la 260,000 linapuliza usoni, huku chini mteja anapikwa. Nilipeleka kitambaa chepesi cha pamba kwa fundi cherehani jirani, akanishonea vitatu kwa 30,000 jumla pamoja na kitambaa. Nywele zinanata, hilo sikatai, na kufua ni kila siku. Lakini tofauti niliyoiona kwa wateja kwa hizo 30,000 haiko mbali na ya mashine yenyewe, na inafanya kazi mwaka mzima.

Wasichokisema kwenye boksi ni kwamba mashine inataka dirisha na mlango wazi. Hewa yenye unyevu lazima itoke, kavu iingie. Wateja wamezoea kiyoyozi cha benki, wakiona boksi lenye upepo wa baridi wanafunga mlango kwa adabu kabisa. Baada ya nusu saa chumba ni bafu. Nimebandika karatasi USIFUNGE MLANGO, bado wanafunga.

Ndevu nazo zina kesi yake. Upepo wa baridi ukimpiga mtu usoni nikiwa na wembe mkononi, ngozi inasisimka. Kila unywele una kamsuli kadogo kwenye shina, kanavutwa na baridi, unywele unasimama na ngozi kuzunguka pale inainuka kijipele. Kwa wanyama wenye manyoya inasaidia kushika joto, kwetu haisaidii lolote, ila wembe ukipita juu ya vijipele unakwaruza na kesho yake mtu anakurudia na vipele vya ndevu. Kwa hiyo kunyoa ndevu nageuza mdomo wa mashine ukutani. Spiriti ninayopaka mwishoni ina ubaridi wa kutosha yenyewe, inakauka haraka kuliko maji, inaondoka na joto haraka kuliko maji. Ukipaka spiriti na mashine inapuliza kisogoni, mtu mzima anaruka kwenye kiti.

Wazee hawaipendi, na sibishani nao. Kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, anakuja kila mwanzo wa mwezi.

"Shikamoo babu, karibu kiti."

"Marahaba mjukuu wangu. Zima kwanza hilo lidude."

"Babu, nje nyuzi thelathini na tatu."

"Hizo zako. Mimi naona baridi."

Namzimia. Lakini najua pia kwamba ngozi ya mtu mzima wa miaka ile inachelewa kutoa jasho na inatoa kidogo, na damu haiji juu upesi kama ya kijana. Kwa hiyo anaweza asihisi joto wakati joto linamwingia. Namsogeza kwenye kivuli, nampa maji, mashine naiacha imezimwa kama alivyosema.

Wengine wanaoomba izimwe ni wenye homa. Kijana aliingia Oktoba na sweta, anatetemeka, anasema mashine inamuua kwa baridi, na nilipomshika kichwa kilikuwa kinachoma. Malaria inafanya hivyo: ubongo umepandisha kipimo, unautaka mwili uwe moto zaidi, basi unafunga mishipa ya ngozini na kutikisa misuli. Mtu anaona baridi kweli. Homa ikivunjika ndipo jasho linamwagika. Sikumnyoa. Nilimwambia aende kupima kwanza, nywele hazina haraka.

Nina mteja mwingine mwenye kovu kubwa la moto begani mpaka karibu na shingo, la utotoni. Siku ya joto shingo yote inameta jasho, kwenye kovu kukavu. Tezi ziliungua pale, hazikurudi. Yeye ndiye anayeisifu mashine kuliko wote, na sababu nimeielewa kwa kumwangalia tu.

Wanaosema dawa ya joto ni kunyoa kipara, biashara yangu ingenitaka nikubali. Lakini mwaka 2023 mtafiti Tina Lasisi na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa mwanasesere mwenye joto la mwili, wakamvalisha mawigi ya nywele za binadamu na kummulika kwa taa za kuigiza jua. Nywele za aina zote zilipunguza joto la jua kichwani, na kipilipili, nywele zetu hizi, zilishinda zote. Kwa hiyo anayeshinda juani Tabora, bodaboda au mkulima wa tumbaku, namwachia kidogo juu. Akitaka kipara namnyoa, na kofia nauza.

Dada wa Kigoma, jibu lako: usinunue. Mwanga iko karibu na ziwa, na hewa yenu ina unyevu hata siku mnazoziita kavu. Tabora iko juu zaidi, mita 1,200 hivi, na kiangazi chetu kinakausha mpaka mbao zinalia. Mashine iliyonipa nyuzi nane huku, kwako itakupa pungufu ya hapo, na wateja wako wanakaa saa nne wanasukwa, si dakika ishirini. Nunua feni mbili za ukutani zenye nguvu, moja ivute na nyingine isukume, na uweke kivuli mbele ya mlango. Upepo unaondoa ile hewa iliyoshiba juu ya ngozi, jasho linapata pa kwenda. Tena wape maji ya kunywa. Mtu akikaukiwa, jasho linapungua.

Kasoro ndogondogo za dude lenyewe nazipitia haraka. Rimoti ilikufa mapema, na vitufe vya juu vinatosha. Zile chupa mbili za barafu wanazokupa uzigandishe zinasaidia kama nusu saa, halafu ni mzigo. Kelele ipo, kwa kasi ya tatu husikii taarifa ya habari. Kitufe chenye picha ya jani sijaona kinafanya nini zaidi ya kuwasha taa ya bluu. Kubwa kwa kinyozi ni nywele: feni inavuta kwa nyuma, na nywele zilizokatwa zinakwenda kujaa kwenye chujio, zikipita zinanata kwenye pedi iliyolowa. Mimi nimeliinua juu ya meza fupi na nasafisha chujio kila jioni kwa brashi. Asiyeweza kufanya hivyo asinunue kwa saluni, anunue kwa sebule.

Maji yasilale ndani ya tanki. Yakilala siku mbili yananuka, na harufu yote inapulizwa usoni kwa mteja. Tena mbu wa Tabora hawahitaji kualikwa. Namwaga usiku, naacha feni ikaushe pedi robo saa, ndipo nafunga. Maji ya kisima yanaacha chumvi nyeupe kwenye matundu, kwa hiyo natumia ya bomba, na mara moja moja naloweka pedi kwenye maji yenye ndimu.

Pedi ya kwanza ilimaliza kiangazi kimoja na sehemu ya pili. Madukani hapa mjini sikuzipata, niliagiza Dar mbili kwa 18,000 kila moja, zikaja kwa basi. Pima upana na unene wa ya zamani kabla hujaagiza, wauzaji wanatuma yoyote.